Kijisanduku cha Sarafu

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, kazi zilinizidi. Leo naomba niache seva na hifadhidata nisimulie habari za tiketi za treni. Usiondoke! Ni habari ya programu pia, utaona.

Mwaka 2008 mwajiri wangu wa wakati huo alinituma Uingereza kwa mafunzo ya majuma mawili. Nilipanga chumba kusini mwa London, karibu na stesheni ndogo ambayo Jumapili haina karani. Jumapili ya kwanza nikafika pale na pesa zangu mfukoni. Dirisha la tiketi limefungwa. Mashine ya tiketi ipo, lakini kioo chake kimeganda kwenye ujumbe wa hitilafu, ule ambao mtu wa kazi yangu huutambua hata akiwa mbali. Nikajiambia, basi nitalipa ndani. Kwetu si makanga hukufuata kitini? Treni ikaja, nikapanda.

Stesheni ya tatu akaingia mkaguzi. Nikamweleza kwa adabu zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kile kijisanduku, ulikitia sarafu?" Kijisanduku gani? Akatoa kitabu chake, akaniandikia pauni 20. Nauli yenyewe haikufika hata pauni tatu.

Jioni niliporudi nikakitafuta. Kweli kilikuwepo, cha chuma, kimebanwa ukutani upande ambao sikupita asubuhi. Tundu la sarafu, kitufe, mahali pa kutokea karatasi, basi. Na kilikuwa kizima! Kwa hiyo yule bwana hakunionea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo kila nikipata nafasi nasoma habari za tiketi, nikitaka kujua ilikuwaje mtu mwenye pesa mkononi, anayetaka kulipa, akawa mkosaji kwa sababu hakuona sanduku.

Tuanzie mbali. Reli zilipokuwa changa karani aliandika kila tiketi kwa mkono. Foleni haziishi, na jioni hakuna aliyeweza kusema kama pesa zilizo kwenye droo ndizo zote zilizolipwa. Thomas Edmondson, mzaliwa wa Lancaster mwaka 1792, alikuwa fundi wa samani ambaye biashara yake ilifilisika. Mwaka 1836 akapata kazi katika stesheni ndogo ya Milton, kwenye reli ya Newcastle na Carlisle. Akabuni vipande vya kadi ngumu vilivyochapwa kabla, kila kimoja na nambari yake ya mfululizo, pamoja na mashine ya kugonga tarehe. Kadi zilikuwa na urefu wa milimita 57 hivi na upana wa 30. Jioni unatazama nambari ya kadi inayofuata, unatoa ile ya asubuhi, unazidisha kwa nauli. Droo isipolingana, karani anaulizwa.

Umeona ujanja wake? Tiketi ile haikubuniwa kumkamata abiria, bali kumchunga karani. Ni kumbukumbu ya mfululizo ambayo huwezi kufuta mstari mmoja bila pengo kuonekana. Tarakilishi zilikuja zaidi ya karne moja baadaye zikafanya jambo lile lile. Mwaka 1839 reli ya Manchester na Leeds ikamchukua Edmondson, na wengine waliotaka kutumia mfumo wake walimlipa shilingi 10 kwa kila maili ya reli kwa mwaka. Leseni, jamani, tena ya kila mwaka! Waingereza walizitumia kadi hizo hadi 1990. Hata reli yetu iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilikuja kuzitumia. Waulize wazee waliosafiri daraja la tatu.

Sheria iliyomlenga abiria ina historia ya kuhuzunisha. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni ya matembezi ya shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Kabla haijaondoka tiketi zilikuwa zimekaguliwa na milango ya mabehewa ikafungwa kwa ufunguo. Wahudumu wakaamua kuikata treni vipande viwili. Mabehewa 10 ya nyuma yakaanza kuteremka yenyewe, yakaigonga treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu 80, watoto wakiwemo.

Mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe kwenye treni za abiria. Ndani ya sheria hiyo ya breki mkachomekwa kifungu cha 5, kuhusu tiketi. Abiria akiombwa, aonyeshe tiketi, au alipe nauli, au ataje jina na anwani yake. Anayesafiri bila kulipa kwa nia ya kukwepa nauli ana kosa kubwa zaidi, na anaweza hata kufungwa. Kifungu cha 6 nacho kikailazimisha kampuni ichape nauli juu ya tiketi, ili abiria asidanganywe. Nakipenda hicho cha 6. Ni kama kulikuwa na mtu bungeni aliyekumbuka kwamba wizi unaweza kutokea pande zote mbili za dirisha.

Ukisoma kifungu cha 5, neno lenye uzito ni "nia". Mshtaki ni lazima aionyeshe korti kwamba mtu alidhamiria kukwepa. Kwa karibu miaka mia moja hilo halikuwa tatizo kubwa kwa sababu watu walikuwa wengi kila mahali. Karani yuko dirishani, mlinzi wa lango anazikusanya tiketi unapotoka, kondakta yuko ndani. Ungepita wote hao bila tiketi, nia yako ingejionyesha yenyewe.

Miaka ya 1980 shirika la reli la Uingereza, British Rail, lilikuwa linabana matumizi. Stesheni ndogo nyingi zikabaki bila watu, au na mtu wa asubuhi tu. Mwaka 1986 zikaja mashine za makarani zilizoitwa APTIS, zikichapa tiketi zenye rangi ya chungwa za ukubwa wa kadi ya benki. Lakini APTIS ilihitaji karani nyuma yake. Pale asipokuwepo, abiria alipanda tu, na ukitaka kumshtaki kila mmoja uthibitishe nia yake, gharama ya korti ni kubwa kuliko nauli.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1989 ya nauli za adhabu. Si faini ya korti, ni nauli kubwa zaidi unayodaiwa, kama deni. Ilianza kwa pauni 10, au mara mbili ya nauli ya kwenda, ile iliyo kubwa. Nia yako haiulizwi kabisa. Unayo tiketi au huna? Ndiyo au hapana, kweli au si kweli, kama kigeu cha biti moja.

Haikupitishwa hivi hivi, ilikuwa mapatano. Abiria anakubali asiulizwe nia, na kampuni nayo inakubali kwamba kama stesheni alikopandia haikuwa na namna ya kununua tiketi, haitamtoza. Ilani zibandikwe pia, mtu ajue kabla hajapanda. Biti ni mbili basi, ile ya abiria na ile ya stesheni.

Hapo ndipo kinapoingia kijisanduku changu. Jina lake ni PERTIS, na kazi yake ni kutoa kibali cha kusafiri. Kampuni ilitaka kila stesheni iwe na njia ya kulipa hata karani asipokuwepo, lakini mashine kamili ya tiketi ilikuwa ghali, na ilitakiwa kujua nauli za kwenda stesheni chungu nzima. PERTIS haijui nauli hata moja. Unatia sarafu ulizo nazo, kuanzia peni 5, unabonyeza, inakuchapia karatasi yenye jina la stesheni, saa, na kiasi ulichotia. Ndani ya saa mbili unamfikia karani au mkaguzi, unamalizia nauli iliyobaki, unapewa tiketi. Karatasi ile haikuwa malipo kamili. Ilikuwa ushahidi kwamba ulitaka kulipa.

Nimeandika programu miaka mingi na sijaona ubunifu wa adabu kama huo. Sheria imeifukuza nia mlangoni, kisha fundi fulani akairudisha kupitia tundu la sarafu! Tena sanduku lina vitu vichache vya kuharibika. Mfumo mkubwa ukilala, hiki kinabaki macho.

British Rail ikavunjwa na kubinafsishwa kuanzia 1994, na kanuni za nauli za adhabu zikahamia kwa kampuni mbalimbali. Mashine kubwa zikaenea, zikaanza kupokea kadi za benki, na vijisanduku vikang'olewa kimoja kimoja. Mwaka 2005 adhabu ikapanda kutoka pauni 10 hadi 20, ndiyo hiyo niliyokutana nayo. Kutoka Januari 2023, katika England, ikawa pauni 100 pamoja na nauli yenyewe, au pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21. Mwaka huo huo wa 2023 kampuni zikapendekeza kufunga karibu madirisha yote ya tiketi ya England. Yalikuja maoni kama 750,000, na mwisho wa Oktoba serikali ikaukataa mpango. Adhabu ilikuwa imepanda mara kumi tangu 1989, na bado wenye reli walitaka kumwondoa mtu wa mwisho ambaye ungeweza kumwambia, "Mashine yako imekufa."

Na hapa lazima niseme jambo kuhusu mashine kufa. Kanuni zinasema wazi kwamba kama hapakuwa na pa kununulia hutozwi. Lakini asubuhi ile mashine iliganda, jioni niliikuta inafanya kazi vizuri kabisa. Ningethibitishaje? Sisi watengenezaji tunajua mashine hujizima na kujiwasha, na kwamba kumbukumbu zake huandikwa na mashine ile ile inayotuhumiwa. Mwaka 1999 bunge la Uingereza liliondoa sharti la mshtaki kuonyesha kwamba tarakilishi iliyotoa ushahidi ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Posta si treni, sitaki kuchanganya mambo, lakini wasimamizi zaidi ya 900 wa posta walitiwa hatiani kwa hesabu za mfumo wenye kasoro, hadi bunge likapitisha sheria ya kuwasafisha mwaka 2024.

Treni nazo zilipata aibu yao mwaka huo huo. Kuanzia 2015 Uingereza ilikuwa na utaratibu ambapo hakimu mmoja anaamua kesi ndogo kwa kusoma karatasi tu, bila mshtakiwa kufika kortini. Kampuni za reli ziliruhusiwa kuutumia kwa makosa madogo madogo. Baadhi zikauingiza humo hata ule uzee wa 1889, kifungu cha 5, chenye swali la nia. Nia ya mtu, jamani, inapimwa kwa karatasi asizoziona hakimu yeyote uso kwa uso na mwenyewe! Agosti 2024 hakimu mkuu Paul Goldspring akaamua kwamba kesi hizo hazikupaswa kuletwa kwa njia hiyo kamwe, na ni batili. Makadirio yalikuwa zaidi ya kesi 70,000. Si watu walioshinda rufaa, hapana. Kisheria ni kama hawakuwahi kuhukumiwa.

Miezi michache baadaye kijana mmoja akatishiwa korti kwa upungufu wa pauni 1.90, kwa sababu kadi yake ya punguzo haikufaa saa ile. Tiketi alikuwa nayo. Kelele zilipozidi kampuni ikaiacha kesi.

Mimi sisemi wakwepaji hawapo. Wapo, na nauli wanayokwepa hulipwa na wengine. Ninachokiona katika miaka hiyo yote ni kwamba upande mmoja wa mapatano ya 1989 ulirekebishwa mara kwa mara, na upande wa pili ukaachwa ushike kutu.

Hadithi yenyewe haikuishia Uingereza kwangu. Mwaka 2014, serikali yetu ilipotaka matatu ziache pesa taslimu, nilikuwa katika kundi lililoandika programu ya kusoma kadi za nauli kwa kampuni moja ya mabasi. Juma la pili tukapata malalamiko. Mama mmoja alikuwa amegusa kadi yake, kifaa kikamwonyesha makanga kwamba hajalipa, akateremshwa njiani na mtoto mgongoni, mvua ikinyesha. Nikafungua kumbukumbu. Malipo yake yalikuwepo, na saa sahihi kabisa. Yalifika kwenye seva dakika 11 baadaye, mtandao uliporudi. Ule mstari unaosema "jibu lisipopatikana, chukulia hajalipa" niliuandika mimi, kwa mkono wangu, usiku mmoja nikiwa na haraka.

Tulimtafuta yule mama kupitia nambari ya kadi, nikampigia simu mwenyewe. Alinisikiliza, akaniuliza kama nina watoto, kisha akakata.

Usiku ule nikaandika kipande kingine. Mtandao ukipotea, kifaa kinatunza mguso wa kadi pamoja na saa na kituo, kinawasha taa ya kijani, abiria anakaa, hesabu inafanywa baadaye. Wenzangu waliuliza kwa nini nimekiita "kijisanduku". Mpango wa kadi wenyewe haukudumu, makanga wakarudi kushika noti. Faili ninalo mpaka leo.