Tanzania iliyoiacha picha ya kifua sasa yaipokea tena

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza 1977, unakaribia miaka 50, na Wizara ya Afya inayousimamia sasa iko hapa Dodoma, Mtumba. Akili mnemba inayosoma picha za kifua inapozungumzwa kila mahali, wakazi wa nyanda za kati wakumbushwe kwamba nchi hii ndiyo iliyoionyesha dunia namna ya kufanya kazi bila kuitegemea picha hiyo.

Hatua za mwanzo zinajulikana: Robert Koch alitangaza kimelea cha ugonjwa Machi 24, 1882, eksirei ikagunduliwa 1895, Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ikaanza kupokea wagonjwa 1926.

Kisa chenyewe ni cha Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia aliyeugua kifua kikuu alipofungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Alikuja kusaidia kuujenga mpango huu kwa niaba ya Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Ninafuata zaidi simulizi yake na ya wenzake, nayo inasisitiza jambo moja: makohozi kwanza.

Ulaya ilikuwa imezoea magari ya eksirei. Kwa vijiji visivyo na umeme, filamu na mitambo ile ilikuwa ghali mno. Tena, tangu miaka ya 1940 watafiti wa Marekani walikuwa wameonyesha kwamba madaktari wawili huisoma picha moja kwa namna mbili, na hata daktari yuleyule, akiletewa tena picha ileile, hujipinga. Darubini ya kuchunguza makohozi ilitaka rangi, mwanga na mtu aliyefundishwa tu. Kila wilaya ikapewa mratibu, na kila robo mwaka ikahesabiwa: wangapi wameanza dawa, wangapi wamepona, wangapi wametoroka.

Ubishi mkali ulizuka juu ya dawa. Rifampisini ilifupisha tiba, lakini bei yake iliwafanya wakubwa wengi wa afya duniani waamini kwamba nchi maskini haiiwezi. Styblo hakukubali. Mgonjwa alilazwa miezi miwili ya kwanza, akameza dawa mbele ya muuguzi, kisha akamalizia nyumbani. Karibu 80 kati ya 100 wakapona. Katika miaka ya 1990 Benki ya Dunia na Shirika la Afya Duniani (WHO) wakaueneza utaratibu huo duniani kwa jina la DOTS. Historia hii inastahili kufundishwa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa fahari, maana waliouthibitisha utaratibu huo ni waratibu na wauguzi wa wilaya zetu.

Ukimwi ukaifichua kasoro ya darubini: wagonjwa wengi wenye virusi hutoa vimelea vichache visivyoonekana. GeneXpert, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea kwenye makohozi, kikaidhinishwa na WHO 2010. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika Tanzania kwa ushirikiano na Taasisi ya Afya Ifakara, ukipima programu ya kompyuta ya kusoma picha za kifua. Machi 2021 WHO ikazipendekeza programu za aina hiyo kwa watu wa miaka 15 na zaidi.

Kompyuta huipa picha alama, na kila nchi huamua kiwango cha kumpeleka mtu akapimwe makohozi. Makovu ya ugonjwa wa zamani huweza kuidanganya, kwa hiyo neno la mwisho bado ni la maabara.

Kanada ilionja ubaya wa picha isiyo na huduma ya karibu. Miaka ya 1950 meli C.D. Howe iliwapiga eksirei Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya nchi hiyo, na waliokutwa na ugonjwa wakapelekwa kusini, wengine wasirudi tena. Serikali iliomba radhi Machi 2019. Mashine ikifika Farkwa au Bahi, basi ifike pamoja na vikopo vya makohozi, mafuta ya pikipiki ya mratibu, na dawa zilizokwisha kuwekwa kwenye zahanati ya kijiji.