Falsafa tumizi

Falsafa tumizi ni tawi la falsafa linalopima kwa hoja masuala ya maadili yanayowakabili watu na serikali, kama vita, utoaji mimba na misaada kwa wenye njaa. Umuhimu wake huonekana inapofichua dhana zilizojificha ndani ya mifano. Mwaka 1974 Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, alifananisha nchi tajiri na mashua ya kuokolea: watu 50 wamo ndani, nafasi zimebaki 10, na 100 wanaogelea nje wakiomba kupandishwa. Akashauri asipandishwe yeyote. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi (aliyefariki 1995) aliikataa picha yenyewe: kwake dunia ni familia ya ndugu, wachache wenye nacho na wengi maskini, waliofungamana kwa asili moja. Kwa hiyo aliyefanikiwa anadaiwa na nduguze.

Wapo wanaoipinga falsafa hii wakisema kwamba mwanafalsafa hana utaalamu wa kilimo wala uchumi. Ni kweli, lakini takwimu za mavuno hazisemi mashua iliundwa kwa mali ya nani. Hardin aligusia dhuluma za kale, akaziweka kando kwa kuwa kuzifuatilia hakuna kikomo, na hapo ndipo hoja yake inapolegea zaidi.