Kasoro za kiwandani katika midoli ya mashujaa

Kasoro za kiwandani katika midoli ya mashujaa ni hitilafu zinazoingia kabla mdoli haujafungwa kwenye boksi: kiungo kilichogeuzwa, rangi iliyohama, plastiki isiyojaa. Hutofautishwa na uchakavu unaoletwa na mchezo, jua na joto, ingawa kwa mdoli wa miaka arobaini tofauti hiyo ni ngumu kuithibitisha.

Chanzo

Viungo hutolewa kwenye kalibu ya chuma ya vipande viwili ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu. Kalibu ikichakaa, plastiki hupenya kwenye maungio na kuacha ukingo mwembamba ubavuni mwa mdoli; nguvu ikipungua, kidole au ncha ya joho hukosekana. Rangi hupulizwa juu ya kifuniko chenye matundu, na macho hugongwa kwa muhuri laini. Muhuri ukienda upande hata kwa nusu milimita, shujaa hutoka na makengeza. Kazi ya kuunganisha hufanywa kwa mikono, na hapo ndipo kushoto na kulia hupishana.

Mifano inayojulikana

Kampuni ya Mego ya Marekani ilianza mwaka 1972 kuuza mashujaa wa inchi nane, akina Superman na Batman, waliovaa nguo za kitambaa. Mikono na miguu ilishikwa na mpira uliopita ndani ya kiwiliwili. Mpira huo hulegea kwa umri, kisha hukatika, na mdoli husambaratika ndani ya nguo zake. Mego ilifilisika mwaka 1982. Midoli ya Super Powers ya kampuni ya Kenner (1984–1986) ilikuwa na ufundi wa kupendeza: ukimminya Superman miguu, anarusha ngumi. Ufundi huohuo ndio huharibika kwanza.

Mfano wa aibu zaidi ni wa Masters of the Universe Classics, toleo la kampuni ya Mattel lililolenga watu wazima waliochezea mdoli wa shujaa He-Man miaka ya 1980. Baadhi ya nakala za He-Man huyo zilitoka na mabega yaliyopachikwa kinyume, la kulia kushoto na la kushoto kulia, ilhali bidhaa yenyewe iliuzwa kwa sifa ya kufanana na mdoli wanaoukumbuka.

Kasoro nyingine ni za hatari. Agosti 2007 Mattel ilirudisha kutoka sokoni midoli ya Batman yenye sumaku zilizokuwa zikichomoka. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Kunata

Plastiki laini ya PVC hutiwa kilainishi ambacho baada ya miaka hutoka juu. Mdoli hunata, hukusanya vumbi na huacha alama kwenye plastiki iliyo jirani. Joto huharakisha hali hiyo.

Pwani ya Tanzania

Midoli ya aina hii huingia kwa njia mbili: mipya, mingi ikiwa ya kuiga kutoka China, hupitia soko la Kariakoo, Dar es Salaam; ya zamani huja ndani ya marobota ya mitumba, bila boksi. Kwa mkusanyaji wa midoli, kukosa boksi ni hasara kubwa, kwa kuwa kifungashio kisichofunguliwa ndicho ushahidi bora kwamba kosa ni la kiwandani na halikutengenezwa na muuzaji mjanja. Katika kata kama Janga, karibu na Mlandizi, vyumba vya bati vinaweza kuwa na joto la kutosha kupinda miguu ya PVC, na mdoli uliopinda hivyo huweza kudhaniwa kuwa mbovu tangu kiwandani.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianza mwaka 2012 utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka. Ukaguzi wa midoli huangalia sumu na vipande vinavyoweza kumezwa; makengeza hayamo.