Nazi Husafiri, Tui Halisafiri

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipanda chombo Kilwa akaelekea Dhofar, kusini mwa nchi tunayoiita Oman leo. Huko alikuta minazi, na kwa kuwa wasomaji wake wa Morocco hawakuujua mti huo, akaona awaeleze kila kitu: mafuta yake, asali yake, kamba zake, maziwa yake. Ya maziwa ndiyo yaliyonishika. Anasema mtu huketi kwenye kitu mfano wa kiti, kuna chuma kilichochomoza, nyama ya nazi inakwanguliwa mpaka ndani hakubaki kitu. Kinachotoka kinakingwa kwenye sahani, kinavurugwa na maji, na maji yanapata rangi na ladha ya maziwa. Watu wanatowelea chakula.

Msomee mtu wa Lamu ama Kilifi maelezo hayo bila kumwambia ni ya nani. Atakuuliza, si hiyo ni mbuzi? Ndiyo, mbuzi ya kukunia nazi. Karibu miaka 700 imepita na mtu bado anaikalia vilevile. Tena maelezo yenyewe yanaishia kwenye sahani. Tui linakamuliwa, linaliwa, basi. Hakuna mtungi wa kuliweka hadi kesho.

Nilikuwa na sababu ya kusoma mambo haya. Nilirudi nyumbani Kibirichia kutoka Nairobi nikiwa na ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda, na suruali zangu zote zilikuwa zinataka mshipi. Mtaalamu wa lishe alinipa orodha ya wiki za kwanza: hakuna maziwa ya ng'ombe, hakuna ngano, hakuna chakula cha pakiti chenye gundi za kuzitishia. Tui la nazi aliliruhusu kwa sharti moja. Liwe nazi na maji, nukta.

Sasa wewe fikiria Kibirichia. Tuko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, kwenye viazi, kabichi na karoti, na asubuhi baridi inakuuma vidole. Hapa maziwa ni adabu. Mgeni akifika anapewa chai, na chai ni maziwa yaliyotiwa majani. Kukaa kwa watu ukaomba turungi ni kama kuwaambia ng'ombe wao hafai. Mama alikuwa ananitetea kwa majirani: "Ni daktari amekataza, si yeye." Na mnazi wa karibu zaidi, ukifuata barabara kupitia Nairobi, uko kilomita 700 hivi.

Kwa nini basi Pwani wakapika kwa nazi na sisi kwa maziwa? Sehemu moja ya jibu ni mdudu. Sehemu nyingi za mwambao zilikuwa na mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hadumu. Al-Masudi, aliyefika kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wengi wanadhani ni Pemba, aliandika kwamba minazi iliota visiwani na watu wa huku wote walizila nazi zake. Huku juu tulikuwa na nyasi na baridi, kwa hivyo tukawa na ng'ombe.

Lakini kuna sehemu nyingine inayonichekesha kidogo. Ameru tunasimuliwa tangu utotoni kwamba tulitoka Mbwaa, kisiwa cha huko baharini, tukiwakimbia watesi walioitwa Nguo Ntuune, nguo nyekundu, na kwamba Koomenjoe aliwavusha watu maji yakiwa yamegawanyika. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu Ameru, alikihusisha kisiwa hicho na Manda, pale Lamu. Wengine hawakubali, na mimi si wa kuamua. Ila kama wazee wako sawa, basi kuna babu yangu aliyekula tui, akavuka maji, akapanda mlima, akalisahau kabisa. Nyumbani kwetu hata tukizungumza Kimeru nazi tunaiita nazi tu.

Nilianza na njia ya mtu wa mjini, yaani supamaketi. Mjini Meru nilisimama mbele ya rafu nikisoma maandishi madogo kwa tochi ya simu. Pakiti moja ilikuwa na picha ya ufuo na neno "asili" kwa herufi kubwa. Nyuma yake: nazi, maji, E412, E435, E466. Ya pili ilikuwa na E407 na E415. Kopo la tatu lilikuwa na E223, ambayo ni kihifadhi cha jamii ya salfa. Hakuna hata moja iliyokuwa nazi na maji.

Nikaamua kujua hawa wageni ni nani. E412 ni gundi ya guari, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana India na Pakistan. E415 ni zanthani, utelezi unaotengenezwa na bakteria Xanthomonas campestris. Mkulima wa Kibirichia anamjua mdudu huyo bila kujua jina lake, maana jamaa yake ndiye anayeleta uozo mweusi kwenye kabichi na sukuma wiki, majani yakaanza kuwa manjano kutoka pembeni. E435 ni polisobeti 60, ya kuyashikilia mafuta na maji yasiachane. E466 inatokana na nyuzinyuzi za mimea, mara nyingi mbao ama pamba.

Na E407, karajinani? Hiyo inatoka baharini, na kwetu kabisa. Ni gundi ya mwani mwekundu. Mtanzania Keto Mshigeni alianza kuutafiti mwani wa pwani yetu miaka ya 1970, na kufikia 1989 kilimo chake kilikuwa kimeanza upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, mikononi mwa wanawake. Kenya nako kina mama wa Kibuyuni, Kwale, wanalima. Wanafunga miche kwenye kamba, maji yakitoka wanavuna, wanakausha, unapelekwa ng'ambo. Huko gundi inachujwa, inauzwa kwa viwanda, na mingine inaingia kwenye vyakula vya pakiti kama vile vya kwenye rafu yangu. Yaani mwanamke wa Jambiani anaweza kukuna nazi yake kwa mkono jioni, na mchana kutwa alikuwa anavuna kile kitakachomwezesha mtu wa mbali asikune.

Sisemi gundi hizi ni sumu. Mamlaka za chakula zimeziruhusu na watu wengi wanazila bila shida yoyote. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba panya waliopewa E466 na polisobeti 80, ndugu ya ile 60, walipata uvimbe wa utumbo. Panya si mtu. Lakini mwenye utumbo tayari una vidonda huambiwa apumzike navyo kwanza, na hilo nililikubali.

Swali lililobaki ni kwa nini viwanda vinazihitaji. Ukiulizia jikoni Pwani utaambiwa kwa neno moja: tui hukatika. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe, na mshiko huo ni dhaifu. Liache saa chache, utando mzito unapanda juu. Lichemshe kwa fujo bila kukoroga, linakatika mabonge. Sasa kumbuka kopo lilivyozaliwa. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula, ambayo serikali iliilipia zawadi: funga chombo, kipashe moto mkali kwa muda mrefu. Nyama ilikubali. Njegere zilikubali. Tui ukilifanyia hivyo bila msaada, linakatika. Gundi ndiyo inayosimama mahali pa mpishi mwenye mwiko, ikikoroga ndani ya kopo kwa miezi.

Hapo ndipo nilipoona nilikuwa natafuta kitu kisichofaa kutafutwa. Tui halisafiri. Kinachosafiri ni nazi. Ina kifuu kigumu, ndani imefungwa bila hewa, inakaa wiki nyingi bila friji. Hicho ndicho kopo, na kilikuwa kinavuka bahari kabla Appert hajazaliwa.

Soko la Gakoromone mjini Meru lina nazi. Mama aliyeniuzia alikuwa mtu wa Kilifi, na alinipokonya ile niliyochagua.

"Mwanangu, hiyo bado koroma, haina tui. Itikise. Wasikia maji? Sasa angalia macho yake, yawe makavu, yasiwe na ukungu."

"Na nikifika nyumbani nipate imeoza?"

"Ivunje kando, unuse maji. Usimwagie penye nzuri. Nazi mbovu harabu ya nzima."

Mbuzi hakuwa nayo. Nilimchorea fundi wa vyuma wa Kibirichia kwenye karatasi, naye akaniuliza kama ni mtego. Alikata kipande cha springi ya gari, akakitia meno, akakipigilia kwenye ubao wa kukalia. Kifumbu, ule mfuko wa ukili wa kukamulia, sikupata, nikatumia kitambaa safi cha pamba.

Mlima nao ulikuwa na lake la kunifunza. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pwani huwezi kulijua hilo. Kibirichia asubuhi, nilitia maji ya bomba kwenye nazi iliyokunwa nikakamua, kikatoka kimaji cheupe, mafuta yote yamegandia kwenye machicha kama nta. Dawa ni maji ya uvuguvugu, ambayo mkono unayavumilia. Kikombe kimoja kwa nazi moja, kanda kwa nguvu, kamua: hilo ni tui zito, weka kando. Kikombe cha pili: tui jepesi, ndilo la kuchemshia viazi vyetu vya Kibirichia pamoja na kitunguu na chumvi. Viazi vikiiva ndipo unatia lile zito, moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka lichemke kidogo, unaepua. Machicha wanakula kuku.

Inachukua dakika 40, na mabega yanauma. Siku za mwanzo sikuwa na nguvu hizo, na Mama alikuwa anaamka saa kumi na moja kunikunia kabla ya kwenda kukamua ng'ombe ambaye maziwa yake siwezi kunywa. Nikilala pale nikisikia chuma kinakwaruza, nilifikiria mikono mingine. Katika nyumba za wenye mali za Lamu na Zanzibar karne ya 19, nazi ilikunwa na mjakazi. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo mbuzi ilibaki kwa mama, kwa binti, kwa mfanyakazi wa nyumbani. Kwa hivyo mtu akinisifia siku hizi kwamba "chakula cha zamani kilikuwa safi", huwa nauliza nani alikuwa anakisafisha. Tui bila gundi halikuwahi kuwa la bure. Kuna mtu alikuwa anakoroga.

Wiki za orodha zilipita, kilo chache zikarudi, na vitu vingine nimeruhusiwa tena. Tui tumelibakiza. Mama analipenda kwenye maharagwe, ingawa chai yake haijaguswa. Mbuzi tumeigawana: mimi Jumatano, kaka yangu Jumapili, na yeye analalamika sana. Fundi ameshatengeneza nyingine mbili za majirani, na siku hizi haulizi tena kama ni mtego.