Utando mweupe wa mama mdogo

Leo naomba niiweke siasa pembeni, tuongelee fangasi. Msicheke.

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda Nyangamara, mkoani Lindi, kumsalimia bibi. Nikamkuta na mama mdogo, karudi kutoka Dar, kakonda mpaka nikashtuka. Miezi minne alikuwa kwenye masharti ya muuza virutubisho mmoja wa mjini: hakuna ugali, wali, mkate, ndizi mbivu wala kitu chochote chenye sukari au hamira. Asubuhi na jioni vidonge vya kitunguu saumu na kijiko cha mafuta ya nazi. Yote hayo kwa ajili ya utando mweupe mdomoni uliokuwa unaondoka na kurudi. Wenzake wanakunywa uraka, yeye anautazama tu.

"Mume wangu," bibi akaniambia (ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo), "sisi utando tulisukutua kwa maji ya chumvi, tukachukua mswaki wa mti. Ila ukirudi tena tulijiuliza, huyu mtu ana nini ndani?"

Swali hilo nilirudi nalo Dar, nikaanza kusoma.

Kumbe utando huu ni wa kale. Wagiriki wa zama za Hippocrates waliuandika, wakiuona kwa watu waliokwishadhoofika. Mwaka 1839 daktari Mjerumani, Bernhard Langenbeck, aliona fangasi kwenye utando wa mgonjwa mwenye homa kali, akadhani ndio walioleta homa. Alikosea. Fangasi walikuja baada ya mwili kuchoka. Jina la Candida walipewa mwaka 1923 na Christine Berkhout wa Uholanzi. Ni jamaa wa hamira ya maandazi, na wengi wetu tunaishi nao mdomoni na tumboni bila ugomvi. Wanazidi pale kinga inaposhuka, kisukari kinapopanda, au antibiotiki zinapoua bakteria wanaowazuia.

Mwaka 1950 wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza dawa waliyoipata kwa kijidudu cha udongoni. Wakaiita nystatin, kwa heshima ya jimbo la New York. Mpaka leo ipo kwenye maduka ya dawa.

Sasa masharti ya mama mdogo yametoka wapi? Nayo ni ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Orian Truss alianza kuandika kwamba fangasi hawa wanaleta uchovu, huzuni na maumivu ya kila namna. Mwaka 1983 William Crook akatoa kitabu, The Yeast Connection, kikauzwa sana: acha sukari, acha hamira, utapona. Mwaka 1990 watafiti waliwapima wanawake 42 waliodhaniwa kuwa na tatizo hilo. Kwa dalili za mwili mzima, nystatin haikuishinda dawa bandia.

Tusiwacheke Wamarekani, na sisi tuna yetu. Mwaka 2006 Deborah Runyoro na wenzake wa Muhimbili walichapisha utafiti wa mimea ambayo waganga wa Pwani, Dar es Salaam, Morogoro na Tanga wanaitumia kutibu fangasi hawa. Mti wa mswaki ulikuwamo! Maabara nayo ilionyesha kuwa baadhi ya mimea kweli inawazuia. Lakini kuzuia fangasi kwenye kisahani cha maabara ni jambo moja, kumponya mtu ni jingine. Kitunguu saumu na mafuta ya nazi vimo kwenye mizani hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo historia yetu inatufundisha. UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983 na kusambaa nchini, utando mweupe kwa mtu mzima ukawa moja ya dalili za kuangaliwa. Huko Tanga, kuanzia miaka ya 1990, waganga wa jadi na madaktari wa Hospitali ya Bombo walifanya kazi pamoja kuwahudumia wagonjwa. Kila upande ulikuwa na la kumfundisha mwenzake.

Nikampigia simu mama mdogo. "Shikamoo mama. Umewahi kupimwa?" Akanyamaza kidogo. Miezi minne ya masharti, hakuna aliyemchoma hata sindano ya kidole.

Tulikwenda pamoja, akapima sukari na VVU. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Niseme tu kwamba sasa anatumia dawa inayomfaa, ugali anakula, na utando haujarudi.

Mswaki wa mti endeleeni nao, kitunguu saumu pia kina ladha yake kwenye mchuzi. Ila utando ukirudi mara ya pili, ulizeni kama bibi yangu, halafu mkapime.

Nawasilisha.