Kutoka kitunga mpaka sakado: namna watu wa Ituri walivyopima mzigo

NIZI, teritware ya Djugu. Anayenunua sakado ya mtumba sokoni hutazama kwanza rangi na zipu. Aliyekwisha kukimbia vita hutazama mikanda. Huku Ituri watu wamejifunza kupima mzigo tangu zamani, na mara nyingi si kwa kupenda.

Mwaka wa 1887 Stanley alipita katika pori la Ituri akimtafuta Emin Pasha. Alikuwa na watu zaidi ya 600 kutoka Zanzibar, na mashua ya chuma iliyokatwa vipande 12, kila kipande pauni 75, ni kusema kilo 34. Mizigo hiyo ilipimwa mbali, kabla hata njia haijaonekana. Njaa ilipowashika porini, mashua iliachwa Ipoto. Tarehe 13 mwezi wa 12 wakafika Ziwa Albert mikono mitupu, hawana chombo cha kuingilia majini, wakageuka kurudi porini. Mashua ilifika ziwani mwaka uliofuata tu.

Kisha ikaja zahabu ya Kilo, iliyogunduliwa mwaka wa 1903. Zahabu yenyewe mtu anaitia mfukoni. Kilichovunja migongo ni chakula cha wachimbaji. Kabla ya barabara za magari, wanakijiji walilazimishwa kukibeba. Aliyepima mzigo si yule aliyeubeba.

Wamama walikuwa na kipimo chao: kitunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Uzito unashuka katikati ya mwili, mikono inabaki huru, mtoto anakaa kifuani. Lakini shingo inachoka, na kichwa hakigeuki upesi kutazama nyuma.

Sakado inahamisha uzito huo mabegani, na ile yenye mkanda wa kiuno inaushusha sehemu kubwa mpaka kwenye mifupa ya nyonga. Kwa hiyo saizi yake haifuati urefu wa mtu. Inafuata mgongo: tangu mfupa unaojitokeza chini ya shingo mpaka juu ya nyonga. Sakado ya mwanaume mrefu ikivaliwa na msichana mfupi inampiga makalio kila hatua, na kilometa tano zinakuwa kumi.

Mwezi wa 5 mwaka 2003, mapigano ya Bunia yalipopamba moto, maelfu ya watu walishika njia ya Komanda kwa miguu kuelekea Beni. Tangu mwisho wa 2017 vijiji vya Djugu vimekimbia tena na tena. Hapo hakuna mpagazi, na muda wa kuchagua ni dakika chache. Sakado kubwa ndiyo inayodanganya: nafasi ikiwapo, mtu ataijaza. Sufuria, unga, sahani za harusi, halafu kilima cha kwanza. Kwa mtu wa kilo 50, kilo 10 zinatosha kabisa kutembea nazo siku nzima. Na mama anayebeba mtoto wa miaka miwili amekwisha kumaliza kilo hizo kabla ya kufunga chochote. Huyo anahitaji sakado ndogo ya mwanafunzi, si ile ya lita 60, hata akipewa bure.

Blanketi linakaa chini, kilicho kizito kinakaa katikati karibu na mgongo. Karte ya mchaguzi, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho, pamoja na diplome na dawa, vifungwe ndani ya plastiki, kwa maana mvua ya Djugu haiheshimu zipu. Rangi nayo ni jambo: sakado yenye madoa ya kijeshi, hata iwe imara namna gani, inaleta maswali kwenye kila barieri.

Mikanda ndiyo hukatika kwanza, pale inaposhonewa juu. Fundi viatu anaweza kuirudilia kwa uzi wa nailoni, mishono miwili miwili, na kazi hiyo ifanywe wakati kungali na utulivu.