Jina Nyuma ya Mfuko

Wiki iliyopita alinijia mpwa wangu, fundi cherehani, akiwa na suruali ya jinzi mkononi. Aliishona mwenyewe. Nikaigeuza huku na huku, nikaona mishono imenyooka na mifuko imekaa sawa. Lakini nyuma, juu ya mfuko, palikuwa na lebo ya kampuni ya ng'ambo.

"Mjomba," akasema, "bila hii haiuziki. Naomba unikopeshe fedha ninunue cherehani ya pili."

Sikumjibu siku ile. Nilimkumbuka marehemu baba yangu, aliyeshona miaka mingi kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja mjini. Suti zilitoka mikononi mwake, sifa zikaenda kwa mwenye duka. Macho yalipochoka akarudi nyumbani, na hakuna mteja hata mmoja aliyeulizia habari zake.

Leo basi tuzungumzie historia ya jinzi, maana kwa sehemu kubwa ni historia ya majina.

Yapata mwaka 1870, katika mji wa Reno, jimbo la Nevada nchini Marekani, mwanamke mmoja alimwendea fundi Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, akitaka suruali madhubuti kwa ajili ya mumewe, mkata kuni. Davis alikuwa na ribiti za shaba alizozoea kuzitumia kwenye mablanketi ya farasi. Akazigongelea kwenye pembe za mifuko, akaiuza suruali ile kwa dola 3. Wateja wengine wakafuata.

Fundi akaona uvumbuzi wake utaibwa, naye hakuwa na fedha za kugharimia hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi. Mwaka 1872 akamwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimwuzia vitambaa, akampendekezea washirikiane. Hataza ilitolewa tarehe 20 Mei 1873, na Davis akahamia San Francisco kusimamia ushonaji. Siwezi kusema alidhulumiwa, kwani alipata ushirika na kazi ya heshima. Lakini waulize vijana wetu leo Davis ni nani. Wanalolijua ni jina la Levi.

Karne moja ikapita, jinzi ikatoka machimboni na mashambani ikaingia kwenye kumbi za starehe. Mwaka 1976 kampuni ya Murjani ilianza kutengeneza jinzi za Gloria Vanderbilt, bibi wa ukoo tajiri wa New York. Umaarufu wake haukutokana na cherehani. Hata hivyo sahihi yake ilitariziwa kwenye mfuko wa nyuma, na wanawake wakazigombea. Calvin Klein naye akaweka jina lake. Tangu hapo mnunuzi akawa analipia kitambaa, mshono, na jina. Na mara nyingi jina ndilo ghali zaidi.

Je, fundi anaweza kuwa mwenye jina? Mtazameni Renzo Rosso wa Italia, mtoto wa wakulima aliyezaliwa mwaka 1955. Akiwa na miaka 15 alishona jinzi yake ya kwanza kwa cherehani ya mama yake. Akasomea mambo ya nguo mjini Padova, akaajiriwa na Adriano Goldschmied, na mwaka 1978 wawili hao wakaanzisha Diesel. Mwaka 1985 Rosso akanunua sehemu ya mwenzake. Alijifunza kwanza, akashirikiana, kisha akalimiliki jina lenyewe.

Nimemwita mpwa wangu nikamwambia fedha nitampa, kwa sharti moja: lebo ile aing'oe, abuni alama yake na kuisajili BRELA. Akaniuliza, "Na zisiponunuliwa, Mjomba, deni nitakulipa na nini?"

Swali lake ni la haki. Lebo ya kuiba inamlisha leo, na jina geni huenda likakaa na njaa muda mrefu. Nilimwambia tutangoja pamoja, nami sitadai kwa haraka. Ila hatua moja zaidi ya kushona chini ya jina la mwingine, katika ukoo wetu, sitaigharimia.

Hajanijibu bado. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.